Hatuhitaji Uwanja Mpya, Tunahitaji Mbao

Wale mlikuja kwa sababu ya ile stori ya landilodi, sehemu ya pili inakuja Ijumaa, msinipigie kelele. Leo nataka tuongee kuhusu kitu ambacho nimekibeba kichwani tangu Februari 2025. Nikikiweka kwa video ya dakika moja kitaharibika, kwa hivyo nimeamua kukiandika.

Ni hivi. Kenya inaweza kufika Kombe la Dunia la hoki ya ndani, wanaume na wanawake. Tena si ndoto ya wajukuu wetu. Na kitu tunachokosa si uwanja wa mabilioni. Tunakosa mbao, zile za kawaida kabisa, zile unanunua kwa futi pale Gikomba.

Kabla hujacheka, nipe dakika kumi.

Hoki tunayoijua Kenya ni ile ya nje, mpira wa magongo. Watu 11 kila upande, uwanja wa mita 91.4 kwa 55, robo nne za dakika 15. Hoki ya ndani ni binamu yake aliyelelewa kwa nyumba ya chumba kimoja. Wachezaji ni sita kila upande ukihesabu na kipa, na kikosi kizima ni watu 12. Uwanja una urefu wa mita 36 hadi 44 na upana wa mita 18 hadi 22. Goli ni mita 3 kwa upana na mita 2 kwenda juu. Robo ni nne, dakika 10 kila moja. Ndani ya dakika arobaini za mchezo kila kitu kimeisha, na watu wanatafuta ukuta wa kuegemea.

Sheria zake ndizo tamu. Kwanza, huruhusiwi kuchapa mpira, yaani kule kuinua gongo juu na kushuka nalo kama unakata miwa. Unasukuma tu. Pili, huruhusiwi kuinua mpira kutoka sakafuni, labda tu kama uko ndani ya duara na unalenga goli. Kwa hivyo yule msee wa shule aliyetegemea mkono wa kuchapa mpira kutoka huku mpaka kule, hapa hana kazi. Misuli haikusaidii sana. Hapa ni pembe, ni pasi fupi, ni kuona kitu sekunde moja kabla ya mwenzako.

Tatu ni mbao. Pande zote mbili ndefu za uwanja zimelazwa mbao zenye kimo cha sentimita 10. Kwa hoki ya nje mpira ukivuka mstari wa pembeni umetoka. Kwa hoki ya ndani mpira unagonga ubao na kurudi mchezoni. Wachezaji wakali wanautumia huo ubao kama mtu wa saba: unasukuma mpira kwa pembe fulani, adui anabaki amesimama katikati, mpira unapita mgongoni mwake na kumkuta mwenzako upande wa pili. Kama ulikulia kwa ploti na ukacheza boli ya makaratasi kwenye korido, hii kitu unaijua tayari. Pasi nzuri kuliko zote ilikuwa ya ukuta.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa kwa sababu ya utajiri. Ulikomaa Ujerumani miaka ya 1950 kwa sababu ya shida, na shida yenyewe ilikuwa baridi. Viwanja vinaganda, hakuna kucheza nje miezi mizima, basi watu wakaingia kwenye kumbi za mazoezi na magongo yao. Mwaka wa 1968 shirikisho la kimataifa, FIH, likautambua rasmi. Kombe la Dunia la kwanza likachezwa Leipzig mwaka wa 2003, wanaume na wanawake pamoja: mji mmoja, ukumbi mmoja, siku zile zile.

Hapo naomba nisimame kidogo. Sisi tumezoea wanawake kupangiwa uwanja wa pembeni, mechi ya saa tatu asubuhi, mashabiki ni mamake kipa na mbwa wa askari wa geti. Kwa hoki ya ndani, ubingwa wa wanawake unachezwa kwenye sakafu ile ile, mbele ya watu wale wale, wiki ile ile. Haisemekani kwa hotuba. Imepangwa hivyo kwa ratiba.

Sasa tuje kwa washindi, manake hapa ndipo hoja yangu inaanza.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya wakubwa. Leipzig 2003, Ujerumani ikabeba yote mawili. Vienna 2007, wanaume Ujerumani, wanawake Uholanzi. Poznań 2011, Ujerumani tena pande zote. Leipzig 2015, Uholanzi pande zote. Ukiangalia hapo unasema basi, ni zile nchi mbili, wengine ni wageni waalikwa.

Halafu ikaja Berlin, Februari 2018. Fainali ya wanaume, Ujerumani nyumbani kwao, na wapinzani ni Austria. Austria bana! Ukitaja Austria mimi nafikiria milima na watu wa kuteleza kwa theluji. Kwa hoki ya nje, hilo si jina unalolisikia kwenye fainali za Olimpiki. Lakini siku hiyo waliwashinda Wajerumani kwa mikwaju ya kuamua, mbele ya Wajerumani. Ukidhani ilikuwa bahati, Pretoria mwaka wa 2023 wakarudi na kubeba tena, safari hii wakiiangusha Uholanzi kwenye fainali. Wanawake wa Uholanzi nao wakachukua lao, wakiwapiga nani? Austria. Na Februari 2025 huko Poreč, Croatia, wanaume wa Ujerumani wakarudisha kombe nyumbani, na kwa wanawake bingwa akawa Poland, kwa mara ya kwanza kabisa.

Unaona kinachoendelea? Ukiingiza hoki ndani ya ukumbi, foleni inapangwa upya. Nchi ambazo nje ni za kawaida, ndani zinakuwa moto. Kwa sababu huhitaji kuwa na watoto laki moja wanaocheza kwenye mazulia ya nyasi bandia. Unahitaji watu kumi na wawili wanaojuana sana na ukumbi ambao hawafukuzwi.

Mimi Poreč niliitazama kwa simu. Croatia iko saa mbili nyuma yetu mwezi huo, kwa hivyo mechi zao za jioni huku zilinipata usiku, nikiwa nimemaliza kuhariri video na bando iko karibu kukata. Nilikuwa naangalia kikosi kimoja hasa. Namibia.

Hebu tuongee kuhusu Namibia bila wivu, kama tunaweza.

Namibia ina watu kama milioni 3. Kaunti ya Nairobi peke yake, sensa ya 2019, ilikuwa na watu milioni 4.4. Sehemu kubwa ya Namibia ni jangwa, yaani hata nyasi za kawaida ni shughuli, usiseme zulia la hoki la kumwagiliwa maji. Lakini wanawake wa Namibia walicheza Kombe la Dunia la ndani Berlin 2018, na Poreč 2025 walikuwepo. Mwaka wa 2021 kule Durban walikutana na Afrika Kusini kwenye fainali ya Afrika, Afrika Kusini wakiwa nyumbani, na wakawatoa. Mwaka wa 2024 kombe hilo la Afrika likachezwa kwao, Swakopmund, mji ulio kati ya mchanga na bahari.

Kenya haijawahi kucheza Kombe la Dunia la hoki ya ndani hata mara moja. Hata mwaka wa 2023, lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza katika historia, pale Pretoria, saa moja tu nyuma ya saa zetu, sisi hatukuwepo.

Na hapa si suala la kusema "hoki si yetu". Hoki ni yetu kuliko mnavyodhani. Kombe la Dunia la kwanza kabisa la hoki ya nje lilichezwa Barcelona mwaka wa 1971. Bingwa Pakistan, wa pili Uhispania, wa tatu India, wa nne? Kenya. Tulifika nusu fainali, Uhispania wakatufunga bao moja kwao, na mechi ya nafasi ya tatu India wakatushinda mbili kwa moja baada ya muda wa ziada. Muda wa ziada, wasee. Yaani tulikuwa hapo hapo na hao watu. Enzi hizo ndizo za Avtar Singh Sohal, Mkenya aliyecheza Olimpiki nne mfululizo, kutoka 1960 hadi 1972. Kenya ilicheza hoki ya Olimpiki mara saba, ya kwanza 1956 na ya mwisho 1988.

Halafu nini kilitokea? Vitu vitatu, na vyote vilikuja karibu karibu. Wachezaji wengi wa kizazi kile walikuwa Wakenya wenye asili ya Asia, Masingasinga na Magoa, na familia nyingi zikahamia Uingereza na Kanada. Halafu Kenya ikasusia Olimpiki ya 1976 na ya 1980, ile ya kwanza kwa ajili ya kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, na sisemi ilikuwa vibaya, nasema wachezaji walikaa nyumbani. Na katika hiyo hiyo 1976 ambayo hatukwenda, kule Montreal, hoki ya Olimpiki ikachezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia.

Hilo la tatu ndilo lilibadilisha kila kitu. Kabla ya hapo, mtoto wa Nairobi na mtoto wa Lahore na mtoto wa Amsterdam wote walicheza kwenye nyasi. Baada ya hapo mchezo ukawa wa zulia, na zulia ni pesa. Ukiwa na mazulia mengi unalea wachezaji wengi. Ukiwa na moja, kama vile City Park ilivyokuwa tegemeo letu miaka nenda miaka rudi, mtoto wa Vihiga anaanza kucheza kwenye zulia akiwa mtu mzima, wakati mwenzake wa Uholanzi amelianza akiwa na miaka sita. Si kipaji kilichopungua. Sakafu ndiyo ilibadilika, na sisi tukabaki kwa ile ya zamani.

Naijua hiyo sakafu ya zamani kwa magoti yangu.

Nilicheza hoki shule ya upili, bweni la wasichana, huko magharibi. Uwanja wetu ulikuwa wa murram na nyasi za kubahatisha. Mpira ukija unaomba Mungu usiruke, ukiruka unakupata mfupa wa mguu na hakuna wa kukuonea huruma. Magongo yalikuwa ya shule, yamefungwa selotepu mpaka hujui rangi yake ya kwanza. Lakini michezo ya muhula wa kwanza ikifika, hakuna kitu kilikuwa kikubwa kuliko hicho. Tuliamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia. Nilicheza kiungo. Kocha wetu alikuwa mwalimu wa Kemia, na alikuwa anatuambia mpira una akili kuliko nyinyi, muufuate. Tulifika mpaka mashindano ya kanda.

Halafu Kidato cha Nne kikaisha, na hoki ikaisha. Hivyo tu. Kama taa.

Wengi wenu mnajua chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikafungiwa nje ya mtihani, stori nimeshaisimulia na sitaji chuo chenyewe, hakina habari na mimi na mimi sina habari nacho. Kitu ambacho sijawahi kusema hapa ni kwamba siku hiyo nilipoteza vitu viwili. Digrii watu walinipa pole. Lakini timu ya hoki ya chuo ilikuwa ya wanafunzi waliosajiliwa, na kitambulisho changu kikawa kimekufa, kwa hivyo na mazoezi yakafa. Hakuna mtu alinipa pole ya hilo. Mathe aliniuliza, "Kwani hicho kijiti ndicho kitakulisha?" Sikumjibu. Alikuwa na haki ya kuuliza, ameuza mboga miaka yangu yote.

Sasa angalia orodha ya timu kubwa za hoki Kenya. Polisi. Wazalendo. Strathmore. USIU. Sikh Union. Butali ya kiwanda cha sukari. Siwalaumu hata mmoja, hao ndio wameushikilia huu mchezo usianguke, na kina dada wa Telkom walibeba ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi mpaka ikawa kawaida. Lakini soma hiyo orodha tena, polepole. Ili ucheze hoki baada ya shule, lazima mlango fulani ukufungulie: kazi ya serikali, ada ya chuo, uanachama, au kiwanda. Hakuna mlango unaofunguka kutoka mtaani. Mpira wa miguu una uwanja wa vumbi kila mahali. Basketiboli ina ringi iliyopinda kwa kila estate. Hoki haina.

Kutoka kwa kikosi chetu cha shule, kipa wetu ana duka la M-Pesa. Yule beki wetu wa kushoto yuko Saudia, anafanya kazi za nyumba, ananitumia ujumbe wa sauti usiku. Wawili wameolewa. Mmoja tu anacheza, kwa sababu aliajiriwa. Hatukuwa wabaya. Tulikosa tu mahali pa kusimama na gongo bila kuulizwa wewe ni nani.

Ndiyo maana nilipokuwa natazama Poreč, sikuwa natazama mabao tu. Nilikuwa natazama vipimo. Nikatoa karatasi.

Uwanja wa handiboli ni mita 40 kwa 20. Rudi juu kidogo uangalie vipimo vya hoki ya ndani. Mita 36 hadi 44, kwa 18 hadi 22. Arobaini kwa ishirini inaingia katikati kabisa. Goli la handiboli ni mita 3 kwa 2. Goli la hoki ya ndani ni mita 3 kwa 2. Yaani ni kiatu kimoja na miguu miwili.

Sasa niambie, ni shule gani ya upili Kenya haina uwanja wa handiboli, au angalau mistari yake iliyofifia kwenye simiti? Handiboli iko katika michezo ile ile ya muhula wa kwanza kama hoki. Kila mwaka timu mbili zinasafiri kwa basi moja, moja inaingia kwenye simiti, nyingine inaenda kutafuta magoti yake kwenye murram, na hakuna mtu amewahi kusema ngojeni, hawa wa hoki wanaweza kucheza pale pia.

Kinachokosekana ni zile mbao za pembeni. Pande mbili, mita 40 kila upande, jumla mita 80. Kimo sentimita 10 na unene sentimita 10. Kwa lugha ya fundi, hiyo ni nne kwa nne. Mita 80 ni kama futi 262. Na ule upande unaotazama uwanja unainamishwa kidogo, sentimita moja, kuelekea ndani, ili mpira usirukie nje. Nenda Gikomba, mwambie fundi yeyote unataka nne kwa nne futi 262, imepigwa randa, upande mmoja umelala kidogo. Hatakuuliza unajenga uwanja gani wa kimataifa. Atakuuliza unataka saiprasi au mkaratusi.

Uwanja mzima wa hoki ya nje una zaidi ya mita 5,000 za mraba. Huu ni mita 800 za mraba. Zaidi ya mara sita mdogo. Wakati pale Ngong Road tunajenga Talanta ya watu 60,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na mimi nitakuwa huko nikipiga kelele kama wengine, naomba tu mtu mmoja kwenye hiyo bajeti aangushe futi 262 za mbao njiani.

Najua maswali yenu, manake nimewajua.

Mtaniambia simiti si sakafu ya mbao. Kweli. Gongo linalika haraka, mpira unaenda ovyo kuliko kwenye ukumbi wa Ulaya, na ukianguka unaanguka kweli. Lakini sisi tumetoka kwa murram. Simiti laini kwetu ni kupandishwa cheo. Na kwa mashindano ya kweli, kumbi zipo: ule wa ndani wa Kasarani umekuwepo tangu Michezo ya Afrika ya 1987, na Nyayo kuna jimu. Zinatumika kwa voliboli, kwa basketiboli, kwa mikutano na makongamano. Wikendi mbili kwa mwaka za hoki hazitavunja mtu mgongo.

Mtaniambia vifaa ni ghali. Hapo sitabisha. Gongo zuri linatoka nje ya nchi, na mavazi ya kipa ndiyo yanauma zaidi: kofia, pedi za miguu, glavu, kinga ya kifua. Lakini hesabu tena. Timu ya nje inahitaji magongo 11 uwanjani kabla hujaanza kuongea. Hii inahitaji matano na kipa mmoja, na mtaa mzima unaweza kutumia mavazi ya kipa yale yale wakipokezana. Ni ghali, ndiyo, lakini ni ghali ya kuchangishana. Sisi huchangisha harusi, matanga na karo. Tunajua.

Mtaniambia hata tukicheza mtaani, Kombe la Dunia linaingiaje? Linaingia kupitia Afrika, na Afrika nchi zinazoingia kwenye hoki ya ndani ni chache. Foleni ni fupi. Ndiyo nafasi yenyewe. Na tayari tuna ushahidi kwamba mchezo mdogo unatufaa: Januari 2024, Kombe la Dunia la kwanza la hoki ya watu watano lilichezwa Muscat, Oman, na vijana wetu wa kiume walikuwepo. Kenya, kwenye Kombe la Dunia la hoki, mwaka wa 2024. Wangapi mlijua? Wanawake wetu hawakuwepo. Namibia, Zambia na Afrika Kusini waliwakilisha bara. Ukipunguza uwanja, Kenya inaanza kuonekana tena. Sasa tupunguze mara moja zaidi, tuingie ndani, na tusiwaache dada zetu nje ya mlango.

Na mtaniambia, kama kawaida, kwamba nchi ina shida kubwa kuliko hoki. Ina. Mimi huziandika hapa kila wiki na nyinyi huzisoma. Lakini kumbukeni ndondi. Ndondi zetu zililelewa kwenye kumbi za mitaa, Muthurwa, Pumwani, mahali ambapo mtoto angeingia bila cheti wala karo. Mwaka wa 1988 huko Seoul, Robert Wangila akatuletea dhahabu. Hiyo hiyo Seoul ndiyo ilikuwa Olimpiki ya mwisho ya timu yetu ya hoki. Mchezo mmoja ulikuwa na ukumbi mtaani, mwingine ulikuwa unangoja zulia. Bado unangoja.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na ni la watu watatu.

Kwa Chama cha Hoki Kenya: andikisheni timu mbili, ya wanaume na ya wanawake, kwa kombe lijalo la Afrika la ndani. Hata tukipigwa. Mtu hapimwi kwenye mashindano ambayo hajaingia.

Kwa walimu wa michezo: muhula ujao, handiboli ikimaliza mazoezi, waiteni wa hoki kwenye hiyo simiti. Hata bila mbao, anzeni na matofali yaliyopangwa. Mtaona wasichana wenu wanaanza kupasiana kwa akili ndani ya wiki mbili.

Na kwako wewe uliyewahi kushika gongo ukaliacha siku ya mtihani wa mwisho: kuna watu kama wewe. Nimeanza kutafuta. Kipa wangu wa zamani amesema Jumapili jioni anafunga duka mapema. Fundi amenipa bei ya mbao na tunajadiliana, ni mgumu lakini ni binadamu. Shule moja karibu nasi ina uwanja wa handiboli unaokaa bure wikendi nzima, na mwenye kusema ndiyo au hapana ni naibu wa mwalimu mkuu ambaye bado hajapokea simu zangu.

Niandikieni hapo chini vitu viwili tu: uwanja wa handiboli ulio karibu nawe uko wapi, na nani ana ufunguo wa geti.